Hurbai na Ngozi ya Dholaki

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Mandvi, nchi ya Kachi huko Bara Hindi, aliishi mjane mchamungu aitwaye Hurbai, Allah amrehemu. Kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa kuwamba dholaki, zile ngoma za nyuso mbili ambazo Wahindu huzipiga kwa viganja wakiimba nyimbo za ibada. Yeye alikuwa Mwislamu na wateja wake Wahindu, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno baina yao.

Mwaka mmoja aliwamba dholaki ya mzee Pragji, mpigaji wa hekaluni. Siku tisa baada ya kuikabidhi, Alarakha mtengeneza ngozi alimjia ameinamisha kichwa. Akamweleza kuwa ngozi zilichanganyika zikiwa zimelowekwa, na ile aliyompa kwa jina la mbuzi ilikuwa ya ndama wa ng'ombe.

Hurbai alijua jinsi Wahindu wanavyomtukuza ng'ombe. Alijua pia kwamba habari ikienea hakuna atakayemletea kazi tena, naye ana binti wawili wa kulisha. Alarakha akamsihi anyamaze: ngozi ikishakunwa na kuwambwa haijulikani, na isitoshe, ibada ile si ya dini yao.

"Ibada si ya dini yetu," akasema Hurbai, "lakini amana ni ya dini yetu."

Akasali adhuhuri, akajitanda shela, akaenda. Alimkuta Pragji uani mwa hekalu, akamweleza yote bila kumtupia Alarakha lawama. Mzee yule alitazama viganja vyake. Kisha akainuka akaingia ndani.

Hurbai hakuondoka. Aliketi nje ya lango juani, akimwomba Mola wake ampe subira kwa lolote litakalomfika. Akasikia maji yakimwagwa, mzee akioga kujitakasa, kisha nyimbo zikaanza bila ngoma, watu wakipiga makofi tu. Alasiri ikaingia, akasali pale pale kando ya ukuta.

Ndipo Pragji akatoka, nguo zimemlowa.

"Umenihuzunisha, dada yangu," akasema. "Na umeniokoa. Ungenyamaza, ningeipiga mpaka kufa kwangu. Niwambie dholaki nyingine, ya ngozi ya mbuzi."

Hurbai akauliza kwa sauti ndogo, "Bado waniamini, kaka?"

"Nitampelekea nani mwingine? Ni nani mwingine angekuja kuniambia?"

Machozi yalimtoka Hurbai. Hakungoja kufika nyumbani; alisujudu sijida ya shukrani palepale vumbini. Na alipoulizwa baadaye na binti zake alishukuru nini hasa, kazi kubaki au aibu kupita, alijibu kwamba alishukuru kwa kuwa Mola alimpa miguu ya kwenda.

Basi, ndugu zangu, tunapoomba riziki, tuombe pia miguu ile. Anayepewa miguu hiyo amepewa kheri nyingi, na alhamdulillahi kwa kila aliyetutangulia akatuonyesha njia.