Ngazi za Bibi Kazija

Paukwa!

Pakawa!

Hebu ngojeni. Huo ni mwitiko gani? Mnaitikia kama watu walioshiba wali wa nazi wakatandikiwa na mkeka. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu wa babu yangu alikuwa hajapewa jina, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Kijiji hicho kilikuwa na kila kitu. Mtama ulikuwapo. Mbuzi walikuwapo. Umbea ulikuwapo, tena wa kugawia jirani. Maji tu ndiyo hayakuwapo. Maji yalikuwa chini bondeni, kwenye chemchemi, na njia ya kwendea huko ilikuwa mteremko mkali. Ukienda, unashuka. Ukirudi, unapanda, na mtungi kichwani.

Na njia hiyo ilikuwa inateleza. Masika inateleza. Kiangazi inateleza. Wanawake walishuka wameshikana mikono, wakapanda wamekunja vidole vya miguu, na bado hazipiti siku mbili ila utasikia: telee... paa! Mtungi chini. Maji yamerudi yalikotoka, na mama wa watu amekaa chini anahesabu mbavu zake.

Akimaliza kuzihesabu, anakwenda wapi? Anakwenda kwa Bibi Kazija.

Bibi Kazija alikuwa mfinyanzi, mfinyanzi pekee kijiji kizima. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wasemao husema mfinyanzi hulia gaeni, lakini huyu hakulia gaeni. Alikula vizuri. Mtungi mmoja kwa kikapu cha mtama, na mitungi ilivunjika kila uchao. Udongo wake aliuchimba pale pale ukingoni, juu ya njia, katika shimo alilorithi kwa mama yake. Kila jioni alipandisha maji akayamwaga shimoni, ili udongo ulale umelowa na asubuhi aukute laini. Mama yake alifanya hivyo. Naye akafanya hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mwali akiolewa, hukaa ndani siku saba. Siku ya nane hupewa mtungi mpya, huteremka chemchemini, huteka maji, na maji yale mama mkwe ndiye huyanywa kwanza. Akifika nayo salama, vigelegele. Mtungi ukivunjika njiani, basi huo ni mkosi. Mwali hurudishwa kwao siku ile ile, ameshika shingo ya mtungi mkononi, watu waone.

Walikuwa wamekwisha rudishwa watatu. Wa nne akawa Mwatime.

Mwatime alitoka kijiji cha ng'ambo ya bonde, akaolewa na Kombo, mtoto wa Bi Zume. Siku ya nane alichukua mtungi wake, mtungi ambao Bibi Kazija aliufinyanga kwa mkono wake, akauchoma siku mbili, akaugonga kwa ukucha ukalia ngii! Mtungi mzuri. Mwatime akashuka vizuri. Akateka vizuri. Akapanda, akapanda, akafika penye kona.

Telee... paa!

Jua lilipokuwa la utosi, Mwatime alipita mbele ya mlango wa Bibi Kazija akirudi kwao. Shingo ya mtungi mkononi. Halii kwa sauti. Machozi yanatiririka tu. Akamwona bibi amekaa na bakuli la ugali, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi Kazija.

Mwatime akapita. Bibi Kazija akatazama bakuli lake. Ugali ule ulikuwa wa mtama ambao kina Bi Zume walinunulia mtungi ule ule. Aliona haya, nyie, aliona haya kama aliyekutwa na kuku wa watu chini ya kaniki. Akalisukuma bakuli kando, akaenda kwa Jumbe Shomari.

"Jumbe, ile njia itengenezwe."

"Kweli kabisa," akasema Jumbe. "Njia ni ya wote, kwa hiyo tutaitengeneza wote. Nitaitisha msaragambo, kila mtu na jembe lake, mavuno yakiisha."

Mavuno yakaisha. "Ngoja arusi ziishe." Arusi zikaisha. "Ngoja watu wapumzike." Watu wakapumzika. Mnajua watu wakianza kupumzika wanavyokuwa. Na kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: njia ni ya wote. Ikawa ya wote kiasi kwamba haikuwa ya mtu.

Asubuhi moja Bibi Kazija akajifunga kaniki kiunoni, akachukua jembe lake la kuchimbia udongo na kapu la vigae, akaenda juu ya mteremko, akaanza kukata ngazi. Ti! Ti! Ti! Akakata ardhi, akaishindilia, akapanga vigae juu yake vya kushika unyayo. Ti! Ti! Ti! Mpaka mchana, ngazi moja.

Wanawake wakapita na mitungi.

"Bibi, wafanya nini?"

"Nakata ngazi."

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na miguu yangu."

Wakacheka mpaka wakashikana. Hakuanguka mtu siku hiyo, ila kwa kicheko kidogo waanguke. Kesho yake, ti! ti! ti! Ngazi ya pili. Wanaume wakapita na majembe ya shamba.

"Bibi, wafanya nini?"

"Nakata ngazi."

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na miguu yangu."

"Mfinyanzi amerukwa na akili," wakasema. "Njia ikiwa nzuri nani atanunua mitungi? Huyu anakata ngazi au anakata riziki yake?"

Yeye akaendelea kukata. Ngazi ya tatu, ya nne, ya tano. Akakata kushuka, siku kwa siku, mpaka akafika pale penye kona, pale pa paa! Akainua jembe. Akapiga. Badala ya ti!, akasikia chwa!

Udongo umelowa. Na ilikuwa kiangazi, mwezi wa tatu bila tone la mvua.

Bibi Kazija akachota udongo ule, akaufinya kati ya vidole. Mfinyanzi hahitaji kuambiwa. Huo haukuwa udongo wa njiani. Ulikuwa laini, umelala na maji, umekwisha kukomaa, kama ule aliofinyanga jana na juzi na miaka thelathini. Akainua macho. Juu ya kona, pale pale juu, lilikuwepo shimo lake. Maji aliyomwaga jioni yalikuwa yakipenya chini kwa chini, yakishuka na udongo mwembamba, yakiutandaza kwenye kona usiku kucha. Masika na kiangazi. Tangu enzi za mama yake.

Akakaa kwenye ngazi yake mwenyewe. Kumbe alichokuwa akikimwaga kila jioni ni mkosi wa watoto wa watu!

Jirani yake, Bi Mgeni, akamkuta hapo, akaambiwa yote, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Dada, nyamaza. Lifukie shimo. Chimba kwingine. Maliza ngazi zako, watu watakusifu. Nani atajua?"

Maneno yale yalikuwa matamu. Tusidanganyane, hata mimi yangeniingia. Bibi Kazija akalala nayo siku mbili. Siku ya kwanza akalifukia shimo. Siku ya pili akakaa kibarazani, akafikiri. Ndiyo, njia itapona. Lakini Mwatime je? Njia ikipona kimya kimya, watu watasema ilikuwa nzuri siku zote, na mwenye mkosi atabaki yule yule. Atazeeka kwao na shingo ya mtungi.

Siku ya baraza ikafika. Jumbe akaketi, watu wakaketi, Bibi Kazija akasimama.

"Jumbe, nina neno. Njia yetu haitelezi kwa mkosi. Inateleza kwa shimo langu. Maji ninayolowekea udongo yanatokea penye kona. Nimeyaona, nimeyashika. Nilikuwa sijui, lakini nimekula kwayo maisha yangu yote. Mwali wa Kombo hana mkosi. Wala wale watatu kabla yake hawakuwa nao. Mkosi ni mimi."

Lo!

"Mitungi yangu sita!"

"Kiuno changu!"

"Umetuuzia mitungi na kutumwagia matope, bibi! Hiyo biashara gani?"

Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Bi Subira, aliyeteguka goti mwaka juzi na mpaka leo anachechemea. Jina lake Subira, jamani, lakini siku hiyo aliliacha nyumbani. Alisema maneno ambayo mimi sitayarudia, maana wenye adabu wapo hapa.

Bibi Kazija hakujitetea. Alisimama pale, mikono yake mikubwa imening'inia, akayapokea yote. Aliogopa, ndiyo. Lakini kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Mwatime apite mlangoni.

Kona moja ya baraza alikaa Bi Zume, mama wa Kombo. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kaniki, na mwishowe akauliza taratibu:

"Kwa hiyo nilimfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya maji ya shimo?"

Akainuka, akatoka barazani.

Asubuhi yake Bibi Kazija alikwenda tena kwenye ngazi zake. Peke yake. Ti! Ti! Ti! Mara akasikia nyuma yake: dri, kimya, dri, kimya. Nyayo za mtu anayechechemea. Akageuka. Bi Subira, na jembe begani.

"Sijakusamehe," akasema Bi Subira. "Sogea."

Bibi Kazija akasogea. Ti-ti! Ti-ti! Majembe mawili. Bi Mgeni akasikia, akaja na vigae vya jikoni kwake. Wale waliolilia mitungi na viuno barazani wakaja. Kombo akaja, huyo hata hakungoja kuitwa. Kufika siku ya tatu mteremko mzima ulikuwa unalia ti-ti-ti-ti, na watoto wanapokezana vikapu. Na siku ya nne, ngazi zimebaki tisa tu, Jumbe Shomari akatokea amevaa vizuri, akapiga mbiu ya msaragambo.

"Karibu, Jumbe," akasema Bibi Kazija. "Jembe lile pale."

Akalichukua. Angefanyaje?

Bi Zume yeye hakuonekana siku zote hizo. Alikuwa amevuka bonde kwa miguu, na kikapu cha unga kichwani, kwenda kuomba radhi kwa wazazi wa Mwatime. Wakamweka nje siku nzima, na walikuwa na haki. Jioni wakamkaribisha ndani. Mwatime alipomwona hakukimbilia kumkumbatia, aliuliza kwanza:

"Mama, na mtungi ukivunjika tena?"

Bi Zume akalitafuta jibu njia nzima ya kurudi, wakitembea wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Basi ikafika siku ya Mwatime kuteremka upya. Kijiji kizima kimejipanga pande mbili za ngazi. Bibi Kazija akaleta mtungi, wa udongo aliochimba mahali papya, mbali, upande wa mashamba. Bi Zume akaupokea, akamkabidhi mkwewe, na hapo ndipo akasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Chukua, mwanangu. Ukivunjika, tutanunua mwingine. Wewe rudi tu."

Desturi ya miaka na miaka ikafa pale pale, na hakuna aliyeikalia matanga.

Mwatime akashuka. Ngazi kwa ngazi, hakushikwa mkono. Akateka. Akapanda. Penye kona kila mtu alizuia pumzi, hata mbuzi naona walinyamaza. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Akapita! Vigelegele vikapaa mpaka ng'ambo ya bonde, na kwao wakasikia.

Akatua mtungi. Bi Zume akachota kwa kata, akanywa, akalamba midomo.

"Yana udongo."

"Mtungi mpya, mama," akasema Mwatime.

"Bibi Kazija, yana udongo!"

"Kunywa," akasema Bibi Kazija. "Umekula kwangu matope miaka yote hukusema, leo ndiyo unaonja?"

Mwatime akaangua kicheko. Kicheko cha kweli, mpaka akashika mbavu, na Bi Zume naye akacheka, maji yakamtoka puani.

Mtaniuliza, na Bibi Kazija alikula nini? Mitungi haikuvunjika tena hovyo, ni kweli. Mwaka ule alikonda kidogo. Halafu, kwa kuwa alikuwa na nafasi, akaanza kufinyanga vitu ambavyo mikono yake haikuwahi kupata wakati wa kuvifikiria: vyungu vyenye vifuniko, majiko ya kubebeka, vihenge vya udongo vya kuwekea nafaka panya wasiingie. Watu wa ng'ambo ya bonde wakapanda ngazi kuja kununua. Hao zamani hawakuja kabisa, maana nani ajivunje kiuno kwa ajili ya chungu? Akala. Akanenepa. Na alipozeeka, wakamshika mkono kumshusha chemchemini, akawakemea kwamba hajaomba kushikwa.

Basi, wanangu, kazi ya wote hungoja mmoja aianze. Na huyo mmoja, akigundua kwamba tope limetoka kwake, aseme. Kufukia shimo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudishia mtu jina lake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yaliyobaki yanataka jembe, nami nimekuja na mdomo tu.