Matanga ya Pichi

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mlangoni aingie. Anayetafuna ameze kwanza.

Hapo zamani za kale, huko milimani kwenye baridi, Nungunungu alikuwa anamngoja mama mkwe wake. Haukuwa ugeni wa mchezo. Mara ya mwisho mama huyo alipewa mahindi makavu ya kukaanga, jino lake la mwisho likabaki humo humo. Akaapa: "Nikilala njaa tena kwa mkwe huyu, binti yangu narudi naye." Na Nungunungu alimpenda mkewe, jamani. Alimpenda hasa.

Mke akaenda kumpokea mama yake njiani. Nungunungu akabaki na kapu la mapichi, yameiva, yananukia nyumba nzima. Hajawahi kuandaa pichi hata siku moja. Akamwita jirani yake Nguchiro, mjuaji wa kila kitu.

Nguchiro akashika pichi moja. Akaruka nyuma.

"He! Lina manyoya!"

"Ndiyo, kidogo."

"Mwenye manyoya ni mnyama. Huyu ni mwenzetu! Ndugu, wewe ni wa ukoo gani?"

Pichi kimya.

"Amenuna," akasema Nguchiro.

"Sasa mama atakula nini?"

"Tumnyonyoe kama kuku. Akiishiwa manyoya, atakuwa tunda."

Wakachemsha maji. Chubwi! Wakalitoa upesi, wakalitosa kwenye maji baridi. Wakavuta ngozi, ikatoka yote, nyoo!

"Yuko uchi!" Nguchiro akafumba macho. Nungunungu akapitisha kisu katikati. Ko!

"Mfupa!" Nguchiro akapiga yowe. "Nilikwambia! Tumeua!"

Majirani wakaja mbio. Mkeka ukatandikwa. Bakuli la vipande likafunikwa kanga. Wakalia, wakalia, hawajui wanamlilia nani. Nungunungu alilia kuliko wote, maana chakula hakuna na mke anaondoka.

Mama mkwe akafika na binti yake.

"Poleni. Nani amefariki?"

Nungunungu akainamisha kichwa. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni.

"Shikamoo, mama. Jina hatukulipata."

"Basi nimuage."

Akafunua kanga. Akanusa. Akatia kipande mdomoni. Fyoo! Hakikudai jino. Akatia kingine, na kingine.

"Mama," Nguchiro akanong'ona, "unamla marehemu!"

"Aliishi vizuri huyu," akasema mama, akilamba vidole. "Ni mtamu."

Waombolezaji wakatazamana. Fisi akafuta machozi, akasema hata yeye hajaaga. Foleni ikafika mpaka uani.

Mama mkwe akajinyoosha mkekani. "Binti yangu, wewe baki hapa hapa. Na wewe mkwe wangu," akachungulia kapuni, "hawa wengine wanafariki lini?"

Basi wenzangu, mgeni mwenye njaa mpe ale kwanza. Ubishi mtaumaliza akishashiba. Hadithi yangu imeishia hapo, nami naenda kunawa mikono.