Soksi ya Kachumbari

Wazee waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walikuwa wakituonya tusitupe kikuukuu chetu kinachotufaa kwa kutamani kipya kinachopita njia. Sidhani kama walikuwa wakifikiria mbwa. Lakini Bwana Fanueli wa Mlandege, mjini Iringa, alifundishwa methali hiyo na mbwa, tena mchana kweupe, mbele ya wageni waheshimiwa, akiwa na soksi moja tu mguuni.

Fanueli alikuwa karani mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Watoto, Lutengano na wadogo zake, walikwisha kuondoka nyumbani, na mapenzi yake yote yakamhamia Kachumbari, mbwa aliyepewa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza kuletwa alimaliza bakuli zima la kachumbari kabla wali haujapakuliwa. Alimpenda kama mboni ya jicho. Jioni asipomwona getini, hata chai haikumshuka.

Basi Kachumbari naye alikuwa na ugonjwa wake: viatu. Na jirani yao alikuwa Mzee Mrisho, muuza vitambaa, ambaye wageni wake, kama ilivyo ada, waliacha viatu mlangoni. Kwa Kachumbari kibaraza kile kilikuwa karamu isiyokwisha. Leo kandambili, kesho kiatu cha ngozi, keshokutwa kobazi la imamu.

"Jirani," Mzee Mrisho alimwambia siku moja, uvumilivu umemwisha, "kiatu kikiguswa na mate ya mbwa, mimi nakiosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mwezi huu nimeosha mpaka vidole vimenyauka. Akichukua kingine, naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mbwa huyu ataondoka."

Fanueli alijua maana ya kuondoka. Ni kwenda Ilula kwa shemeji yake Kasian kulinda nyanya, kamba shingoni kutwa kucha. Usiku huo hakula.

Aliyemwokoa ni mkewe, Sekela. Alichukua soksi kuukuu ya kijivu, iliyotoboka kisiginoni, akatia ndani chupa tupu ya maji yenye punje za mahindi, kizibo akakikaza, akafunga fundo. Akasuka pia kipande cha khanga iliyochakaa kikawa kama mkia wa ng'ombe. Kachumbari alipotikisa soksi na kusikia chaka-chaka-chaka, alipagawa. Sekela akamzoesha: ukiachia kiatu, unapewa soksi. Baada ya wiki mbili hakuna aliyelia kiatu tena pale mtaani, na Mzee Mrisho akaanza kuitikia salamu.

Raha ikadumu miezi miwili. Kisha akaja Kasian kutoka Ilula na tenga la nyanya na mdomo wake.

"Aka, shemeji! Karani mzima, mbwa wako anachezea soksi iliyotoboka? Watu watasema pensheni imekwisha!"

Maneno hayo yalimchoma Fanueli kuliko pilipili. Asubuhi ya pili, Jumamosi, alikwenda madukani akarudi na mfupa wa mpira wa manjano, unaolia ukiung'ata. Bei yake Sekela hakuambiwa. Kisha Fanueli akazitupa soksi na khanga kwenye shimo la taka, akazitia moto.

"Baba Lutengano, umezichoma?" Sekela aliuliza.

"Mama Lutengano, zama zimebadilika."

"Haya. Mimi simo."

Kachumbari aliung'ata ule mfupa. Mfupa ukapiga yowe. Mbwa akaruka juu, akaingia uvunguni, akakaa huko akitetemeka. Alipotoka alikuwa na kisasi, akautafuna kama anayeua nyoka. Kufika adhuhuri palibaki vipande vya manjano na mbwa asiye na kazi.

Na adhuhuri hiyo hiyo, kwa Mzee Mrisho kulikuwa na posa ya binti yake Nusrat. Wazee walikuja kutoka Mbeya, wakiongozwa na mshenga, Mzee Abdulkarim. Fanueli alialikwa kama jirani, akakaa jamvini katika suti na soksi zake za kanisani. Maneno yalikwenda vizuri, pilau ikaliwa, wazee wakainuka kutoka nje.

Loo! Kachumbari alisimama katikati ya uwanja, kiatu cha mshenga mdomoni, mkia ukicheza.

Walimfukuza. Kadiri walivyomfukuza ndivyo alivyofurahi, maana alidhani hatimaye amepata wachezaji. Wazee wa Mbeya wakazunguka mpapai, kanzu zimeshikwa juu.

"Nimekuja kuomba mchumba, sikuja kuacha kiatu!" mshenga alifoka, akirukaruka kwa mguu mmoja.

Mzee Mrisho alimtazama Fanueli. "Jirani," akasema, akaelekeza kidole nyumbani kwa mwenyekiti.

Fanueli aliiona kamba ya Ilula waziwazi. Akakaa chini palepale vumbini, suti na yote, akavua soksi moja. "Mama Lutengano! Chupa! Mahindi!"

Sekela alikuwa ameegemea uzio, mikono kifuani. "Zama zimebadilika, Baba Lutengano."

"Nimekosa, mke wangu! Nimekosa mbele ya watu wote hawa!"

Chupa alikuwa nayo tayari kwapani, mahindi ndani. Fanueli akafunga fundo, akatikisa: chaka-chaka-chaka. Masikio ya Kachumbari yakasimama. Kiatu kikaanguka pu!

Fanueli mwenyewe ndiye aliyekiosha, mara saba, ya kwanza kwa udongo, Mzee Mrisho akimhesabia kwa sauti. Ilipofika ya tano, mshenga alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtaa wenye jirani wa namna hii," akasema, "binti wa hapo tunamchukua macho yamefumbwa."

Mzee Mrisho akavuta pumzi. "Mbwa abaki. Ila soksi hiyo ikichomwa tena, utahama wewe."

Jumapili Fanueli alikwenda kanisani na soksi moja nyeusi na moja ya kahawia. Kasian, aliyekuwa bado hajarudi Ilula, akamnong'oneza, "Shemeji, soksi ya pili nyeusi iko wapi?"

"Iko kazini," Fanueli akajibu bila haya.

Nyumbani, chaka-chaka-chaka ilikuwa ikisikika tangu alfajiri, na viatu vya Mlandege vilikuwa salama. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.