Miti Yenye Mizinga ya Nyamizi

Tajiri Masunzu alifika kijijini na kibali cha kukata msitu wote ili ajenge kiwanda cha mbao. Watu walinywea, ila Nyamizi, mrina asali, alimkaribisha kwa bashasha.

"Kata, baba. Niachie tu miti yenye mizinga yangu."

"Mizinga mingapi?"

"Leo ni saba."

Masunzu akacheka. "Saba tu? Andika, mama, nitie sahihi."

Nyamizi akaandika kwamba mti wenye mzinga wake hautaguswa. Tajiri akasaini, akaenda mjini kufuata misumeno.

Aliporudi baada ya mwezi, kila mti msituni ulikuwa umetundikwa mzinga, na kila mzinga una jina la Nyamizi.

"Umenimaliza, mama!"

"Hata kidogo, baba. Kiwanda jenga. Ila kiwe cha asali."