Chumba Ambacho Fundi Hakukipima

Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na chumba kimoja mjini Mbeya, na ndani ya chumba hicho alikuwa na kila kitu: kitanda, cherehani, kabati la vyombo, jiko, na mke aliyempenda. Jina la fundi huyo lilikuwa Ambakisye. Mtoto wao pekee, Lusajo, alikuwa ameshaoa na kujitegemea. Kazi ya Ambakisye ilikuwa kurekebisha makoti ya mitumba: kuyafumua, kuyapunguza, kuyashona upya. Kwa sababu ya baridi madirisha yalifungwa muda wote, na nyuzi na manyoya ya makoti yale yakakosa pa kutokea. Yalilala kwenye zulia, yakalala kwenye blanketi, na mengi zaidi yakajikusanya uvunguni mwa kitanda, mahali ambapo mgeni haoni na mwenye nyumba hapendi kuinama.

Mkewe, Sekela, alikuwa na pumu. Kila asubuhi alifagia kwa ufagio wa chelewa, na ufagio haukuliondoa vumbi, uliliamsha tu. Likapaa, likazunguka, likashuka palepale. Ikafika siku kifua kikambana hata akapelekwa hospitali, na daktari akamwambia Ambakisye waziwazi kwamba mama huyu asirudi kwenye chumba kile mpaka vumbi litoke. Sekela akaenda kukaa kwa dada yake huko Uyole. Ambakisye akabaki na cherehani yake. Alikula wali mkavu, akajifunika blanketi peke yake, akaona aibu. Zaidi ya aibu aliogopa, maana alijua kuwa kazi ya mikono yake ndiyo iliyomtoa mkewe nyumbani.

Huzuni ya namna hii humfanya mtu atake kutenda jambo kubwa. Ambakisye alichukua akiba yake ya msimu mzima akaenda dukani, na muuzaji akamwonyesha mashine mbili za kufyonza vumbi. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, haina waya, inachajiwa kama simu na kutundikwa ukutani. Ya pili ilikuwa pipa lenye magurudumu, bomba nene na waya mrefu, na ilipowashwa duka zima lilinguruma. Ambakisye aliitazama ile ndogo akaidharau. Mkewe ateseke kiasi kile, halafu yeye aende kumchukua kwa kitu kinachofanana na mwanasesere, watu watasemaje? Akachagua pipa. Akalipakia kwenye bajaji, akapita nalo mtaani mchana kweupe, na majirani wakatoka kumpongeza. Simlaumu sana, nia yake ilikuwa njema.

Lakini pipa lilipoingia chumbani, fundi alikosa pa kukanyaga. Ili lifanye kazi ilibidi kwanza atoe nje stuli, meza na marundo ya makoti. Bomba lake halikuingia uvunguni. Na alipoliwasha huku pasi ikiwa kwenye umeme, swichi kuu iliruka, wapangaji wenzake wakaja kulalamika mlangoni. Basi alilitumia siku ya kwanza kwa shangwe, siku ya pili akaahirisha, na baadaye akalisogeza pembeni akalifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama tunavyofunika vitu tunavyoviheshimu kuliko kuvitumia. Juu ya kitambaa akarundika makoti. Akarudi kwenye ufagio.

Jumapili moja baada ya ibada Sekela alikuja na mkoba wake umefungashwa, maana habari za mashine zilikuwa zimemfikia. Alisimama mlangoni. Akaliona pipa na kitambaa chake, akauona ufagio, na kabla hajavua viatu akaanza kukohoa. Ambakisye alijieleza haraka haraka: kwamba mtaa mzima hakuna mashine yenye nguvu kama ile, kwamba karibuni atapata nafasi, kwamba siku wakihamia nyumba kubwa itawafaa sana. Sekela akangoja mpaka pumzi ikamrudia. Hakukasirika.

"Baba Lusajo," akasema, "wewe hukati suruali ya mtu kabla hujampima. Chumba chetu ulikipima lini?"

Akachukua mkoba wake, akarudi Uyole.

Ambakisye alikaa kitandani akilifikiria swali lile. Tangu ajifunze kushona hakuwahi kukata kitambaa kwa kukisia. Hata bwana harusi mwenye haraka alimsimamisha akampima mabega. Sasa akachukua futi yake ya kupimia, akapiga magoti, akatazama uvunguni. Aliyoyaona huko yalimtoa jasho. Akapima kimo cha uvungu, akapima nafasi kati ya cherehani na ukuta, akapima ukuta wenyewe nyuma ya mlango. Vipimo vyote vikawa vidogo, na ajabu ni kwamba moyo wake ukapata nafuu. Kwa muda wote ule alikuwa akiogopa kazi kubwa, na kumbe aliyopewa ilikuwa kazi ya chumba kimoja.

Kesho yake akalirudisha pipa dukani. Muuzaji alinuna, akalikagua huku na huku, mwishowe akakubali kubadilishana. Ambakisye akaipima ile mashine ndogo kama anavyompima mteja: inalala chini kiasi gani, kichwa kina unene gani, mkono utauvumilia uzito wake au la. Muuzaji akamwonya kwamba chaji yake haidumu sana. Ambakisye akamjibu kwamba chumba chake nacho si kirefu.

Aliitundika nyuma ya mlango. Kila alipomaliza koti moja aliishika, akapita kwenye zulia, akapita kwenye blanketi, akainama akapita uvunguni, kisha akairudisha kwenye chaji ipumzike. Mwanzoni alikosea: alisahau kumwaga kikombe cha vumbi, mashine ikazidiwa, naye akadhani imekufa. Vumbi alilolikusanya lilikuwa bado limo chumbani, ila limebadilisha mahali. Akajifunza kulitoa nje na kulitupa kila siku, hata likiwa kidogo kiasi cha kuonea haya.

Sekela alipokuja tena alisimama kwanza mlangoni, akivuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayeonja chai ya moto. Kifua kilitulia. Akaingia, akakaa kitandani, akajinyoosha hivyo hivyo na nguo za safari, na usingizi ukamchukua mchana ule ule. Ambakisye hakuendelea kushona. Alikaa kwenye stuli akisikiliza pumzi ya mkewe ikiingia na kutoka bila kukwama, akafurahi mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Ndugu zangu, mnaikumbuka nadhiri kubwa mliyoipeleka nyumbani mkishangiliwa: kuacha hasira yote, kumaliza ugomvi wa miaka yote kwa siku moja. Mnajua pia ilipo sasa, imefunikwa kama lile pipa, na mliyoyarundika juu yake. Mimi nawauliza jambo moja tu. Ni nani wa nyumbani kwako amesimama mlangoni, hadai makubwa, anangoja tu uiname utoe vumbi la leo?