Hodi ya Tatu ya Bi Siwema

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, milango na majirani wa kuwasema, palikuwa na digidigi mmoja aliyeitwa Bi Siwema. Mnamjua digidigi? Yule swala mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti vya mshikaki, pua ndefu isiyoacha kuchezacheza. Basi huyo. Na wewe unayepigapiga ndala zako huko nyuma, ziache. Hadithi hii ina mtu mmoja wa kuhangaika, naye ni Siwema.

Siwema hakujua kutulia. Akikata jani, huinua kichwa kusikiliza, akasahau kutafuna. Akilala, sikio moja hubaki macho. Mumewe, Mbaruku, mtu mpole kupita kiasi, alimwambia kila siku kwamba hofu haimfukuzi chui, inamkondesha mwenye nayo tu. Siwema alimjibu kwamba ni heri kukonda, maana chui hupenda walionona. Mbaruku alijitazama tumbo.

Walikaa ndani ya kichaka cha migunga, na migunga yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na miiba mirefu myeupe, na kwenye mashina ya miiba kulikuwa na vinundu vyeusi vya ukubwa wa ndimu, vitupu ndani. Humo waliishi sisimizi, ukoo kwa ukoo, na kila kinundu walikitoboa kitundu kuwa mlango wao. Upepo ukipita kwenye milango hiyo, fyuuu, kichaka kizima kinapiga mluzi.

Mti uliwapa sisimizi nyumba, na tena uliwatolea maji matamu kwenye majani yake. Sisimizi nao walimng'ata kila aliyekuja kula. Twiga alionja kidogo, akaumwa ulimi, akasogea mti mwingine. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Chini ya miiba hiyo Siwema alimficha mwanawe, Pandu, aliyezaliwa juzi tu na ambaye miguu yake ilikuwa haijui kukimbia. Angani alizunguka tai. Tai aliisikia harufu ya maziwa, ila miiba ilimzuia kushuka. Nyumba yao ndiyo hiyo, na nyingine hawakuwa nayo.

Kikaja kiangazi kibaya. Nyasi zikaisha, na Mzee Tembo akaanza kula miti. Ng'ambo ya korongo ilisikika kacha! Kisha kimya. Kisha puu! Mti mzima chini. Leo kichaka hiki, kesho kile, na kila siku sauti ilisogea. Sisimizi wa huko walimpanda miguuni wakamng'ata mpaka taya zikawauma wenyewe. Ngozi ile hata haikuwashwa.

Mbaruku alisema wahame. Siwema alimuuliza wahamie wapi, akamwonyesha uwanda mtupu ulivyokuwa mweupe kwa jua, na tai alivyokuwa akizunguka. Hawakuongea tena habari ya kuhama.

Siwema akaenda kwa Mama Sisimizi, mkuu wa ukoo wa Mgunga Mkongwe, akamuuliza kama mwili wa Tembo una mahali popote palipo laini.

"Wenzetu wamempanda kuanzia kucha mpaka mkia," alisema Mama Sisimizi. "Gome tupu."

Siwema akajigusa pua yake. Ilikuwa laini na yenye majimaji. "Ndani ya pua je?"

"Hapo hatujafika. Na nani atatufungulia?"

"Mwenyewe," alisema Siwema. "Nyinyi kaeni tayari mlangoni."

Sasa nisikilizeni, maana kisa chote kiko hapa. Mzee Tembo alikuwa mharibifu, lakini alikuwa mtu wa adabu. Usicheke, wapo watu wa namna hiyo. Hakuingia kwa mtu bila hodi, hata kwa panya buku. Angesimama nje na mwili wake ule wote, aite hodi mara tatu, kwa utulivu, asubiri. Akikaribishwa, ataingia kama atatosha. Asipojibiwa baada ya hodi ya tatu, atageuka aende zake bila kinyongo, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni. Na wewe ukienda kwake ilikuwa hivyo hivyo. Hatakukatiza wala hatakupita mlangoni mpaka umalize hodi zako.

Siwema alimkuta akitafuna gome, akamwamkia vizuri, akakaa mbali kidogo akihema kwa huzuni. Tembo alimuuliza ana nini. Siwema alisema hana kitu, ni maneno ya watu tu. Tembo alimuuliza maneno gani. Siwema alisema ni afadhali asiseme. Mnaujua mchezo huo, na Tembo hakuujua. Alimbembeleza mpaka akaambiwa.

"Wanasema Mzee Tembo siku hizi anavunja nyumba za watu bila hodi."

Tembo aliacha kutafuna. "Nyumba ya nani nimeivunja mimi?"

"Ya Sisimizi, Mzee. Kila mgunga ni mtaa mzima. Milango imejaa, ila ni midogo."

Tembo alihuzunika kweli. Alisema yeye aliona miti tu, na kama angejua angeita hodi kwanza. Alimuuliza Siwema, kwa sauti ya chini kabisa, kama watu wengi wameshasikia habari hizo. Siwema alisema wengi mno. Ila njia ya kurekebisha ipo. Aende kwenye migunga iliyobaki aite hodi ya kisisimizi. Sisimizi wakisikia sauti kubwa hudhani ni radi, wakajificha. Kwao hodi huitwa kwa kunong'ona, pua imegusa mlango, baada ya kuvuta pumzi ndefu sana.

"Ndefu kiasi gani?"

"Kadiri ya heshima yako, Mzee."

Basi Tembo akaja, polepole, ardhi ikitetemeka. Siwema akamlalia Pandu kwa kifua. Tembo akainua mkonga, akauweka taratibu kwenye kinundu cha Mgunga Mkongwe, na kwa kuwa heshima yake ilikuwa kubwa, akavuta pumzi hadi majani yakalala upande mmoja.

Sisimizi wakaingia. Kaya nzima, na mama mkwe.

"Ho..." alianza Tembo. "Ho... hooo... HAPCHAAA!"

Wengine walitoka. Wengi walibaki, wakafanya kazi yao. Tembo akarudi nyuma, akapiga mkonga chini, pa! pa!, akakimbia kuvuka korongo akilia kama mtoto aliyekalia siafu. Usiku huo aliwakusanya Twiga, Kifaru na Nyati, akawaambia kwamba kichaka kile kina watu wasiopenda wageni. Walipoiona pua yake ilivyovimba, hakuna aliyebisha. Wakahama wote nyuma ya kilima.

Siwema alicheka mpaka akakaa chini. Pandu akapona, kichaka kikapona. Mvua zikanyesha, migunga ikachipua, na hakuna hata jino moja kubwa lililokuja kugusa jani. Mngedhani sasa atalala masikio yote mawili. Hakulala. Kimya kile kilimsumbua kuliko kishindo. Akasema ni mazoea tu, yataisha.

Hayakuisha. Pandu alikua akaenda kutafuta maisha yake, na Siwema akajifungua binti, Mize. Siku moja akiwa anamlamba Mize alisikia ugomvi juu ya mti. Mama Sisimizi alikuwa akilalamika kwamba maji matamu yamepungua, jana yametoka kidogo na leo hakuna kabisa. Watoto wake walikuwa na njaa. Wengine walikuwa wamehama, na waliobaki walilala mchana kutwa kwa unyonge.

Siwema akamuuliza Mgunga Mkongwe kulikoni. Mgunga alijibu bila haraka, kama kawaida ya miti.

"Niambie, Siwema, ni lini mara ya mwisho mtu kuning'ata?"

"Siku nyingi," alisema Siwema kwa fahari. "Nimewafukuza wote."

"Basi nilishe walinzi wa nini? Utamu ule unanigharimu. Sasa nautumia kuota maua."

Maneno yale yalikuwa ya haki, na ndiyo yaliyomtisha Siwema.

Walinzi walipolegea, akaja mbawakawa, mdudu wa pembe ndefu, ambaye zamani asingethubutu kukanyaga pale. Akataga mayai yake ndani ya gome, akaleta na dada zake. Mayai yakawa funza, funza wakaanza kula ndani. Krr, krr, krr. Siwema aliisikia sauti hiyo akiwa amelala, akaamka, akazunguka mti mzima asione kitu. Mti nao ulikuwa hauna habari, maana wanaokula ndani hawaitikisi ngozi.

Kisha mgunga wa kwanza ukaanguka, bila upepo, bila kusukumwa. Ukafuata wa pili. Miti iliyomshinda Tembo ikaangushwa na funza. Kwenye paa la kichaka pakatoboka tundu la mwanga, na ndani ya mwanga huo Siwema akaona kivuli kinapita juu ya Mize. Tai alikuwa amerudi.

Mbaruku alimtazama mkewe, akamwambia neno moja tu. "Nenda."

Nyumba ya Tembo ilikuwa nyuma ya kilima, lango la mawe mawili makubwa. Siwema alifika asubuhi. Akili yake, kama ilivyozoea, ilikuwa imeshamtengenezea uongo mzuri wa namna tatu. Akasimama langoni akaita hodi. Ndani alimsikia Tembo akipumua. Hakujibiwa. Akaita ya pili. Tembo akajikohoza, akanyamaza.

Hapo Siwema akaelewa. Tembo alikuwa akingoja ya tatu. Ikiitwa isijibiwe, mgeni ataondoka kwa kanuni ile ile aliyoitumia kumchezea Tembo, na Mize ataliwa.

Basi hakuita. Alikaa kitako pale pale langoni.

Jua likapanda. Tembo ndani alikuwa na kiu, na maji yalikuwa nje. Alisogea mpaka langoni, akamwona mgeni ambaye hajamaliza hodi, akarudi. Hawezi kumkatiza, hawezi kumpita. Akasogea tena, akarudi tena. Nyumba nzima ikawa inatikisika kwa hatua zake. Siwema kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa bila kujitikisa, ingawa ndani alikuwa anaungua, kwa sababu kila kivuli kilichopita juani alikihesabu kuwa ni tai.

Jioni uvumilivu wa Tembo ukaisha. "Siwema, maliza hodi yako."

"Bado navuta pumzi, Mzee."

Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya kukoroma, ikazidi, na Siwema akatambua kwamba mzee anacheka.

"Karibu," alisema Tembo. "Karibu, mshenzi mdogo wewe. Nina kiu."

Siwema akaingia. Uongo wake wa namna zote tatu ulikuwa tayari, mzuri, umepangwa. Alitazama mkonga ule, akaona makovu madogo madogo ndani ya tundu za pua, na akaona haya. Akasema kweli yote. Jinsi alivyodanganya, jinsi miti inavyokufa, jinsi mtoto wake alivyobaki wazi. Alilia aliposema hayo.

"Nilijua siku ile ile," alisema Tembo. "Pua ndiyo ndefu, akili si fupi. Nilikaa kimya kwa sababu ulisema kweli moja. Zilikuwa nyumba za watu, na sikubisha hodi." Akatoka nje, Siwema akimfuata, akanywa maji, akanywa sana. "Nikija nitavunja matawi, Siwema. Nitapiga kelele. Utaamka kila usiku."

"Njoo," alisema Siwema. "Njoo na Twiga."

Wakaja. Tembo alifika kwenye mgunga wa kwanza, akanusa kwa mbali kabla ya kugusa, na mpaka leo ndivyo anavyofanya. Mgunga wenye sisimizi wakali aliupita. Wenye sisimizi waliolala aliuvunja tawi. Mgunga Mkongwe alipoumwa alishtuka, akakumbuka, na asubuhi maji matamu yakatoka kwenye majani. Sisimizi wakaamka, wakala, wakawatoa nje mbawakawa na ukoo wao, hadi funza. Tundu la mwanga likafungwa polepole na machipukizi mapya.

Usiku mmoja baada ya hapo, Siwema alikuwa amelala na Mize kifuani. Kacha! Tawi zima, karibu kabisa. Akaruka juu, masikio yakasimama. Akasikiliza. Tembo alikuwa akitafuna. Chini ya gome hapakuwa na krr, krr.

Akalala tena, na masikio yote mawili yakalala naye.

Hapo ndipo nilipofika, na ndala zenu chukueni muende. Ila mjue hili: jirani anayekukosesha usingizi huenda ndiye anayeisimamisha nyumba yako.