Kuku wa Bi Apolonia na Pumba za Jirani

Mkoboa sana hunenepesha kuku wa jirani.

Mmeisikia leo kule mashineni, mkacheka na wenzenu, na sasa mnataka kujua kuku hao walikuwa wa nani. Haya, sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa kwenye ugomvi, asubuhi ya Jumamosi, huko Ungoni, mtaa mzima ukiwa umesimama nje na miswaki mdomoni.

"Kuku wako wanakula afya ya mwanangu!" Mama Gaudensia alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kidole kimeshavuka ua wa mabua. "Hebu watazameni! Wamenona mpaka wanatembea kama wenye harusi. Na mwanangu ndani anakwisha. Kuku gani hao?"

"Kuku wa kienyeji," alijibu jirani yake, Bi Apolonia, bila kuacha kufagia. "Ulitaka niwafundishe kufunga Kwaresma?"

Watu wakacheka. Mama Gaudensia hakucheka, na mngekuwa yeye msingecheka.

Binti yake wa pekee, Gaudensia, alikuwa ameolewa Mbinga. Mimba ya kwanza ilipokomaa alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, sauti kama tarumbeta. Lakini mzazi mwenyewe hakuinuka. Akisimama, dunia inamzunguka. Pembe za mdomo zimepasuka, akicheka zinatoka damu. Mtoto akilia, bibi ndiye humbeba akamletea mama yake pale kitandani. Na arobaini ilikuwa inakaribia. Wakwe wa Mbinga wangekuja kuchukua mtu wao, wamkute kakonda kama ufito, kisha waende kusema nini? Kwamba Mama Gaudensia alikula chakula cha uzazi cha mwanawe? Lakini aibu ya wakwe ilikuwa nusu tu. Usiku alikuwa akimsikiliza binti yake akipumua, akihesabu pumzi moja moja.

Na si kwamba alimnyima. Hapo ndipo penye kisa. Nyumba ile ilikuwa na sifa ya unga mweupe. Mahindi yake yalikobolewa mara mbili, yakalowekwa mpaka yachachuke, yakaoshwa, yakaanikwa, ndipo yakasagwa. Unga ukitoka hapo ni mweupe pe, ukiupuliza unaruka kama moshi. Watu waliazima unga kwake wakipata wageni. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, hakutaka hata kulisikia. "Dona ni la magereza na shule za bweni," alikuwa akisema. "Mwanangu hakufungwa, kazaa." Mboga nazo alizichemsha kwa maji mengi, akazikamua kwa mikono miwili ili zisiwe na ukakasi, zikabaki kama uzi wa kushonea.

Pumba za mashineni hakuzibeba. Mwanamke wa heshima atembee na pumba kichwani? Alimwachia Bi Apolonia azichukue bure, na yale maji ya mboga alimpitishia juu ya ua. Ujirani mwema.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima Gaudensia, akasema damu imepungua, akampa vidonge. Halafu akamwambia mama mtu, "Mpe chakula kizuri." Mama Gaudensia akaitikia kwa unyenyekevu, akatoka hapo moja kwa moja hadi mashineni, akaamuru mahindi yakobolewe mara ya tatu.

Mwendesha mashine alimkodolea macho. "Mama, hapa itabaki chenga tupu."

"Wewe koboa. Ni ya mgonjwa."

Basi binti akazidi kulegea, na upande wa pili wa ua kuku wakazidi kung'aa. Matetea manyoya yanameta, jogoo kifua mbele, mayai kila siku. Mama Gaudensia akawa anawachungulia kwenye mabua. Wenye midomo wakamsaidia kuwaza: mbona kwa Apolonia kunanawiri na kwako kunanyauka? Mbona walianza kunona tangu binti alipofika? Mnajua maneno ya kisimani, hayahitaji miguu. Siku hiyo ya Jumamosi, Gaudensia alianguka akijaribu kwenda bafuni. Mama yake akamrudisha kitandani, kisha akatoka na kanga yake kiunoni.

"Sema unawapa dawa gani!" alidai. "Sema mbele ya watu!"

Bi Apolonia akautupa ufagio. Sasa naye alikuwa amekasirika. "Unaniita mchawi, jirani? Miaka yote hii tumezikiana, tumechezeana ngoma, leo mimi mchawi? Njoo! Njooni nyote mwone uganga wangu!"

Akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya nyumba, umati ukiwafuata. Pale palikuwa na karai la kuku. Ndani yake pumba, zimekorogwa kwa maji ya kijani. Kuku wakaja mbio wakidhani wameletewa nyongeza.

"Haya, dawa hiyo hapo. Inuse."

Mama Gaudensia akainama. Akachota kidogo, akazisugua kwa dole gumba. Kwenye pumba mlikuwa na vipande vidogo vya manjano, vile viini vya mahindi ambavyo mashine huvitupa nje. Maji yalinukia majani ya maboga aliyochemsha jana yake.

"Hizi pumba zangu," akasema.

"Sasa za nani? Nina shamba la pumba mimi? Nawapa ulichonipa. Tena nikwambie: ulipokwenda Mbinga kuzungumzia harusi ya mwanao ukakawia huko, nilikosa pumba, nikawapa ukoko wa ugali wangu wa sembe nyeupe. Wakainamisha mbawa, mayai yakakatika, nikasema kideri hicho, ule ugonjwa wa kuku, wamekwisha. Uliporudi ukanipa pumba tena wakaamka wenyewe. Kama kuna mganga hapa, ni wewe!"

Mama Gaudensia akabaki ameinama, pumba zinamdondoka kwenye vidole. Alikuwa akiona mambo mawili kwa pamoja: kuku wamelegea kwa sembe, na binti yake amelegea kwa sembe.

"Na wewe mwenyewe," akauliza polepole, "unakula nini?"

"Mimi?" Bi Apolonia akashangaa kuulizwa. "Sembe, kama wewe. Nile dona, mimi mfungwa?"

Hapo mtaa ukaangua kicheko. Alicheka hata mwendesha mashine aliyekuwa anapita. Kisha sauti ndogo ikasikika nyuma yao. Gaudensia alikuwa amejikongoja kwa kushika ukuta mpaka pale uani, kwa sababu alisikia kelele za watu akadhani mama yake anapigana.

"Mama," akasema, na pembe za mdomo zikamuuma kwa kutabasamu, "kumbe mkoboa sana hunenepesha kuku wa jirani."

Hakuna aliyecheka tena. Mama yake alimfuata, akamshika kiuno, akamrudisha ndani.

Jumatatu alikwenda zahanati, akamweleza muuguzi yote, hata ile mara ya tatu ya kukoboa. Muuguzi akashika kichwa. "Mama yangu, niliposema kizuri sikusema cheupe. Ganda na kiini ndivyo vyenye nguvu ya hindi. Ukivitoa, unabaki na shibe tu. Vidonge aendelee navyo, damu haipandi kwa maneno. Lakini msagie mahindi mazima, mboga usizikamue, mtilie na maharage, na yai ukilipata."

Yai alilipata. Bi Apolonia alilipitisha juu ya ua, na kesho yake akapitisha jingine.

Ugali wa kwanza wa dona Mama Gaudensia aliupika mlango umefungwa, asije mtu akaona rangi yake. Wa pili aliufungulia dirisha. Haikuwa miujiza, msije mkadanganyana. Gaudensia alichukua muda kupona. Midomo ilifunga kwanza, kisha kizunguzungu kikapungua, kisha siku moja mtoto akalia na mama yake akainuka mwenyewe kumchukua. Wakwe waliombwa wangoje, na walipokuja, arobaini imeshapita, walimkuta uani, mtoto mgongoni, anafua nguo. Walipoandaliwa ugali wa kahawia, mama mkwe aliutazama, akamtazama mkaza mwanawe, akanawa mikono akala.

Baada ya wageni kuondoka, jioni, Bi Apolonia akatokeza mlangoni na debe lake mkononi.

"Jirani, siku hizi hunipitishii pumba. Kuku wangu wananitazama kama niliwakopa."

"Hakuna pumba," alisema Mama Gaudensia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Zimo chunguni."

"Na kuku wangu je?"

"Wachakure, ndiyo kazi waliyopewa na Mungu. Mimi nimechoka. Mkoboa sana hunenepesha kuku wa jirani, na jirani mwenyewe anabaki na njaa kama mimi." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Weka debe hilo chini, unawe mikono. Karibu ndani tule."